Nati Moja Iliyokosekana



Mwezi huu sitaandika juu ya mapishi wala juu ya kuachisha mtoto ziwa. Nitaandika juu ya nati. Najua wengine mtasema, "Nati zinatuhusu nini sisi akina mama? Hizo si ni kazi za baba na mafundi?" Hata mimi nilisema hivyo zamani. Nakuomba usome mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe.

Mama mmoja wa Uru alinisimamisha sokoni Mbuyuni akaniuliza, "Dada, mimi na baba watoto tunataka kununua guta la kubebea ndizi. Unatushauri nini?" Nilimwambia, "Nunueni. Lakini siku mtakayolinunua, wewe mama nunua spana zako." Alicheka sana. Basi nikamsimulia yaliyotupata nyumbani kwangu, na leo nawasimulia na ninyi.

YALIYOTUPATA

Sisi tunakaa Kibosho. Mwaka 2020 mimi na mume wangu tulinunua guta, yaani ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi ya mizigo nyuma. Fedha zilitoka kwenye maziwa, kahawa kidogo, na mkopo wa kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa. Mkopo huo uliandikwa kwa jina langu. Mtoto wetu wa pili, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 23, ndiye aliyekuwa dereva. Alikuwa akikusanya mikungu ya ndizi kwa majirani na kuishusha mjini alfajiri.

Mwaka 2021, wakati wa masika, siku ya Jumatatu saa 11 alfajiri, nilitoka kumpelekea chai. Nilipoinama kuokota mfuniko wa chupa niliona gurudumu la nyuma la kushoto. Mahali penye nafasi ya nati tano palikuwa na nati nne. Nikamwambia, "Baba, mbona hapa hapana nati?" Akacheka. "Mama, hizo zilizobaki zinatosha. Wewe shughulika na mtori." Mume wangu alikuwa barazani, naye akasema, "Mwache kijana afanye kazi yake." Nikanyamaza. Nilirudi jikoni nikaendelea na kazi zangu, lakini moyo haukutulia.

Jumanne sikusema kitu. Jumatano sikusema kitu. Alhamisi, kwenye mteremko wa kuelekea mjini, akiwa amebeba mikungu zaidi ya 20, gurudumu lile lilichomoka. Guta lilialia upande, likaingia mtaroni. Mtoto alirushwa, akavunjika mfupa wa mtulinga na kuchubuka uso. Gurudumu liliteremka peke yake barabarani mpaka likagonga ukingo. Muda mfupi baadaye watoto wa shule ya msingi walipita mahali pale pale. Namshukuru Mungu kila ninapokumbuka.

Usiku ule tuliporudi kutoka hospitali, mume wangu alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Mama, ungenikazania." Nikamjibu, "Nilisema mara moja, nikaogopa kusema mara ya pili." Hatukugombana. Tulijua kwamba wote watatu tulikuwa na sehemu yetu. Kijana alidharau, baba alikatiza, na mimi niliona nikanyamaza. Lipo na jambo lingine ambalo sikulisema usiku ule. Mimi ndiye niliyekuwa nikidai hesabu kila jioni bila kukosa siku, kwa sababu ya mkopo. Kijana angepata wapi nafasi ya kusimama gereji?

KWA NINI NATI HULEGEA

Mtoto alipokuwa akiuguza bega, fundi mmoja mzee, aliyetengeneza mabasi kwa miaka mingi, alikuja kutengeneza guta. Nilimwomba anifundishe, akakubali. Alianza kwa kusema, "Mama, nati haipotei ghafla. Inaaga kwanza." Alikuwa na maana kwamba nati huonyesha dalili kabla ya kuanguka.

Bolti iliyokazwa vizuri huvutika kidogo sana, kama springi. Mvuto huo ndio unaobana vyuma viwili visisogee. Chombo kikitikisika, vyuma husuguana na kuteleza kidogo upande hadi upande, na nati hurudi nyuma taratibu kwenye meno yake. Ikishalegea kidogo, mtikisiko unaongezeka, na inalegea zaidi.

Sasa fikiri mtikisiko wenyewe ulivyo. Injini ya pistoni moja ya mipigo minne, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hulipua mafuta mara 50 kila sekunde. Ongeza mawe ya barabara zetu za vijijini na makorongo ya masika. Ongeza mzigo. Ongeza na mteremko, maana mji wa Moshi uko kwenye mita 800 na kitu kutoka usawa wa bahari, na vijiji vyetu vya migomba na kahawa viko kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi. Anayetoka Marangu, Machame, Kibosho, Uru au Old Moshi na mzigo hushuka akishika breki karibu njia nzima.

Zipo na sababu nyingine. Nati ikifungwa juu ya rangi mpya au juu ya kutu, ile rangi au kutu husagika, na nati inabaki na nafasi. Ndiyo maana chombo kilichotoka gereji jana kinahitaji kuangaliwa zaidi kuliko kilichokaa mwezi mzima bila kufunguliwa. Pia zipo nati zenye pete ya plastiki ndani ili zisirudi nyuma. Zikifunguliwa na kufungwa mara nyingi, plastiki inaisha nguvu. Ukiona nati hiyo inazunguka kwa vidole bila shida, inunuliwe mpya.

Tena nilijifunza jambo moja kubwa. Nati moja ikikosekana, usihesabu kwamba umebakiwa na nne nzima. Mtikisiko ulioiangusha hiyo moja umezifikia na wenzake. Wanangu waliposema "zilizobaki zinatosha", hizo zilizobaki zilikuwa tayari zimelegea.

VITU VYA KUWA NAVYO

Mimi navitunza katika kopo la Blue Band na mfuko wa kitenge cha zamani:

1. Spana za namba 8, 10, 12, 13, 14, 17 na 19.
2. Bisibisi mbili, ya bapa na ya nyota, na koleo.
3. Kitambaa na brashi ya kuoshea.
4. Nati, bolti na washa za akiba za chombo chenu. Mwombe fundi akuchagulie, kwa sababu nati inayofanana kwa macho inaweza kuwa na meno tofauti.
5. Rangi ya kucha, nyekundu au nyeupe. Usicheke, nitaieleza.

JINSI YA KUANGALIA

Kwanza, chombo kisimame mahali tambarare, injini izimwe na ipoe, na jiwe liwekwe nyuma ya gurudumu. Ekzosti inaunguza vibaya. Watoto wadogo wakae mbali, hasa na cheni.

Pili, osha. Tope linaficha mambo. Mara nyingi unapofuta ndipo unapogundua tundu lisilo na bolti.

Tatu, tumia macho. Tafuta tundu tupu. Tafuta unga wa rangi ya kutu unaozunguka nati, kwani ni dalili kwamba vyuma vinasuguana. Tafuta mahali palipong'aa kama pete, ambapo washa imekuwa ikizunguka. Angalia na ufa kwenye maungio yaliyochomelewa, maana bodi nyingi huongezewa vyuma na wachomeleaji wetu wa mitaani.

Nne, tumia mikono. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Shika bodi, shika kiti, shika usukani. Kinachocheza bila sababu kina bolti iliyolegea.

Tano, tumia masikio. Gonga kichwa cha bolti polepole kwa spana. Iliyokaza hulia kwa sauti kali kama kengele ndogo. Iliyolegea hutoa sauti butu. Njia hii haitoshi peke yake, lakini inakuonyesha pa kuweka spana.

Sita, jaribu kwa spana. Hapa wengi hukosea kwa kukaza kwa nguvu zote. Bolti ndogo ya spana namba 10 haihitaji nguvu nyingi. Ukishika mwisho wa spana yenye urefu wa sentimita 12 hivi, msukumo wa kama kilo 8 unatosha, yaani kama uzito wa lita 8 za maji. Ukizidisha, meno yanakatika au bolti inakatika shingo. Na ikiwa imeingia kwenye alumini ya injini, nguvu ipungue zaidi, kwa sababu alumini ni laini.

Saba, weka alama. Nati ikishakazwa na kufutwa vizuri, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha unaopita juu ya nati na kuendelea kwenye chuma cha pembeni. Kesho asubuhi ukiona mstari umekatika na vipande havikutani, ujue nati imezunguka. Hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuona. Binti yangu alinilalamikia kwamba nimemaliza chupa yake nzima, nikamnunulia nyingine.

ZIPI ZIANGALIWE KWANZA

Siyo nati zote zina uzito sawa. Kibao cha namba kikidondoka utapata faini na usumbufu. Gurudumu likichomoka utapata msiba. Basi anza na hizi:

1. Magurudumu. Angalia nati zote za gurudumu, na nati ya ekseli. Nati za gurudumu hukazwa kwa kuvukana, moja huku na inayofuata upande wa pili, wala si kwa kufuatana kwa mduara.

2. Breki. Fuata fimbo au waya kutoka pedeli mpaka kwenye gurudumu. Kila kiungo kina pini au nati. Nati ile ya mwisho ya kurekebishia breki ikianguka, breki hiyo haipo tena. Mahali pa pini ya kufungia pawe na pini halisi. Msumari au waya wa kufungia boma si pini.

3. Usukani. Bolti zinazobana usukani, na zile zinazoshika ekseli ya gurudumu la mbele.

4. Springi na bodi. Kwenye guta, angalia zile bolti zilizopindwa kama herufi U, zinazofunga springi kwenye ekseli, na bolti za propela. Kwenye pikipiki ya kawaida, angalia shokapu na keria.

5. Injini na ekzosti. Bolti zinazoshikilia injini kwenye fremu, kisha zile za ekzosti, ambazo hulegea kwa sababu ya joto na kupoa kila siku.

Wachache wana pikipiki yenye kigari kilichofungwa pembeni. Kwetu, ambako tunaendesha kushoto, kigari hicho hufungwa upande wa kushoto. Kinaning'inia kwenye viungo vichache tu, na viungo hivyo hubeba uzito wa abiria na kuzuia kigari kisivute pikipiki upande mmoja. Bolti moja ikilegea, zilizobaki zinabeba kazi yake. Dereva akisema, "Leo pikipiki inanivuta upande," asimame hapo hapo aangalie viungo. Mwaka 2010 serikali yetu ilipotangaza mpango wa pikipiki za magurudumu matatu za kuwachukua wajawazito vijijini, watu walibishana sana. Mimi nawaza tu kwamba chombo cha namna hiyo kikifika kijijini, ni lazima awepo mtu wa kushika spana kila asubuhi, maana anayelala ndani yake hawezi kujishika.

Kuna kazi ambazo hatuzigusi sisi. Bolti za kichwa cha injini, mpira wa mafuta ya breki, na beringi za usukani ni za fundi. Sisi tunaangalia, tunakaza palipolegea, na tunasema mapema.

RATIBA YETU

Kila asubuhi tunatumia dakika 5: magurudumu, breki, usukani, na ile mistari ya rangi. Kila Jumamosi jioni tunatumia kama nusu saa, chombo kikiwa kimeoshwa, na spana inapita kila mahali. Kila kinapotoka gereji, tunaangalia tena baada ya safari za siku ya kwanza. Na kabla ya mteremko mrefu, dereva husimama, huzunguka chombo mara moja, hujaribu breki, ndipo anaondoka.

NAMNA YA KUSEMA

Mwenzangu, hapa ndipo penye ugumu. Kukaza nati ni rahisi kuliko kumwambia mume au kijana wako kwamba nati imelegea. Ukisema kwa kelele mbele ya vijana wenzake, atakataa hata kama anaona. Ukinyamaza kulinda amani ya nyumba, amani hiyo inaweza kukatika barabarani.

Nimejifunza kusema hivi, "Baba, njoo tuangalie pamoja." Namshikia taa, yeye anashika spana. Siku nyingine nashika spana mimi, yeye anashika taa. Akiwa na haraka namwambia, "Nipe dakika 5, chai nimeshaweka mezani." Na ikiwa nati imekosekana, siku hizi nasema neno moja bila ukali, "Leo hakiondoki mpaka ipatikane." Nasema mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu.

Ikiwa dereva wenu ni wa kuajiriwa, kubalianeni tangu mwanzo kwamba nati na bolti zinanunuliwa na mwenye chombo, wala hazikatwi kwenye fedha ya dereva. Dereva anayejua kwamba ataadhibiwa kwa kusema "nati imeanguka" hatasema. Na siku ya gereji isidaiwe hesabu. Najua hili ni gumu wakati mkopo unasubiri. Mimi nilidai hesabu bila huruma, nikalipa hospitali, ndizi za majirani zilizopondeka, na gurudumu jipya. Marejesho ya miezi mitatu yalinishinda, na ilibidi nisimame mbele ya wanakikundi wenzangu nieleze. Walinivumilia, lakini aibu ile sijaisahau. Wahenga hawakukosea waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tunasali kabla ya safari, na ni vema. Mimi nasali kila alfajiri guta linapotoka getini. Lakini sala haikazi nati. Macho na mikono tumepewa ili tuvitumie.

Kijana wetu alipona. Bega humuuma kidogo wakati wa baridi ya Julai. Bado ni dereva, naye sasa ndiye anayewasumbua wenzake kijiweni. Juzi nilipita pale nikamsikia akimwambia mmoja, "Hiyo nati imeaga, usiondoke." Yule mwenzake alitaka kucheka, kisha akainama kuangalia.

Desemba haiko mbali. Watoto na ndugu watapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko kuja nyumbani kwa Krismasi. Ndizi zitashuka, mbuzi na mizigo itapanda, na vyombo vyetu vitafanya kazi usiku na mchana. Usingoje wiki hiyo. Jumamosi hii, baada ya kufua, chukua kitambaa na taa uzunguke chombo chenu mara moja. Hesabu matundu, hesabu nati. Zikilingana, shukuru. Zisipolingana, sema, na usiishie kusema mara moja.